Programu ya DOS kwenye kompyuta ya leo: DOSBox, mashine pepe, 86Box au mashine kuukuu?

Mzee mmoja alishuka basi la Mafinga pale Nane Nane, hapa Mbeya, amekumbatia kasha la kompyuta lililofungwa kwenye shuka la kimasai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Humu ndani mna hesabu zangu zote za mbao, tangu naanza kupasua mpaka juzi. Imegoma kuwaka."

Nilipofungua nilikuta ile betri ya kuchomelewa kwenye bodi imevuja, na ukoga wa kijani umekula njia za shaba mpaka karibu na tundu la kibodi. Bodi ilikuwa imekwisha, ila diski ilikuwa nzima. Kazi yake yote haikufika MB 20: faili moja la EXE, yaani programu yenyewe, lililotengenezwa kwa Clipper, lugha ya kuandikia programu za kumbukumbu za DOS, mafaili ya DBF yenye data, na ya NTX yenye faharasa. Niliyanakili kwenye laptopu yenye Windows 11, nikabofya, na Windows ikajibu kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii.

Wengi huishia hapo wakiamini data imekufa. Haijafa. Prosesa ikiwa kwenye hali ya biti 64 haina tena ile hali ya kuigiza 8086, prosesa ya enzi za DOS, ambayo Windows za zamani ziliitegemea kuendesha programu za biti 16, kwa hiyo Windows ya biti 64 imeachana nazo kabisa. Windows 10 ilikuwa bado na toleo la biti 32 lililoweza kazi hiyo. Windows 11 haina toleo la biti 32. Kinachobaki ni kuitafutia DOS, ule mfumo endeshi wa kuandika amri uliotangulia Windows, nyumba nyingine, na nyumba zipo.

Wanaoniuliza swali hili hapa Nyanda za Juu Kusini hawafanani. Yupo mkutubi mwenye katalogi ya vitabu ndani ya CDS/ISIS, programu ambayo UNESCO iligawa bure na ikaenea sana kwenye maktaba za Afrika. Yupo mtafiti wa kilimo mwenye majaribio ya mahindi ndani ya MSTAT-C, mtu wa afya mwenye dodoso za Epi Info 6, na mhasibu aliyeandikiwa programu na fundi ambaye siku hizi hapatikani tena. Jibu la mmoja halimfai mwingine, ndiyo maana naziweka njia zote mezani.

Njia zenyewe

DOSBox ni emuleta, yaani programu inayoigiza kompyuta ya zamani pamoja na DOS ndani yake, hivyo huhitaji kutafuta DOS pembeni. Ilianza kutoka 2002, na watengenezaji wake walikuwa wanafikiria michezo. Toleo rasmi 0.74-3 ni la 2019. Katika ukoo huo kuna DOSBox-X, iliyochukua msimbo uleule ikauongezea mambo ya ofisini. Nikisema DOSBox tu nina maana ya zote mbili, zinapoachana nitasema.

Mashine pepe ni kompyuta ndani ya kompyuta, inayofanya kazi kwa prosesa yako halisi. Nimechukua VirtualBox kwa sababu ni bure na ndiyo wengi wanayo. Ndani yake naweka FreeDOS, mfumo ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994 na ambao bado unatunzwa, toleo 1.4 limetoka 2025. MS-DOS 6.22 nayo hukaa humo vizuri, ila hiyo ingali mali ya Microsoft yenye leseni. Waliyofungua msimbo wake kwa watu wote mwaka 2024 ni MS-DOS 4.00.

86Box, iliyochipuka kutoka emuleta nyingine iitwayo PCem, huigiza kifaa kimoja kimoja. Unachagua bodi, prosesa, kadi ya video na ya sauti, kisha inawaka na kuhesabu kumbukumbu kama kompyuta ya kweli yenye prosesa ya 486.

Ya nne ni mashine kuukuu yenyewe, au laptopu ya zamani yenye Windows XP au 7 ya biti 32, ambamo programu nyingi za DOS hufunguka kwa kubofya tu.

Vigezo

Kabla ya kulinganisha, jiulize programu yako inagusa nini nje yake. Programu inayosoma data na kukuonyesha kwenye skrini itaishi popote. Inayochapa ankara, inayofunguliwa na makarani wawili kwa mpigo, au inayodai ufunguo uliochomekwa nyuma ya kasha, hiyo ina masharti yake. Kwa hiyo nitazipima njia zote kwa uzito wake kwenye mashine na bando, jinsi mafaili yanavyoingia na kutoka, printa, usalama wa data umeme ukikatika, na uaminifu wa kuigiza.

Uzito kwenye mashine na bando

DOSBox rasmi haifiki MB 2 kuipakua. Laptopu iliyotumika ya RAM GB 2 inaibeba bila kulalamika.

VirtualBox inazidi MB 100, na diski ya kusakinishia FreeDOS inaongeza mamia mengine ya MB, kwa hiyo panga bando lako. Matoleo ya sasa yanataka pia prosesa yenye uwezo wa mashine pepe, na uwezo huo uwe umewashwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya bodi inayotangulia Windows. Laptopu nyingi za mtumba ninazoletewa kutoka Mwanjelwa zinao ila umezimwa, na mwenye nazo huhangaika siku nzima kabla ya kugundua. Jambo jingine, DOS haijui kupumzika. Hata ikiwa inasubiri ubonyeze kitufe, inazunguka ikiuliza "umebonyeza?" mara maelfu kwa sekunde, na prosesa yako inapanda mpaka asilimia 100. Ukisikia feni inavuma wakati skrini imetulia, andika FDAPM APMDOS ndani ya FreeDOS na itatulia.

86Box inataka mafaili ya BIOS ya zile bodi inazoziiga, nayo ni mzigo mwingine wa kupakua, halafu inakula prosesa kuliko zote. Kuigiza 386 au 486 si tatizo kwa laptopu ya kawaida. Kuigiza Pentium yenye kasi kunataka mashine ya nguvu.

Mashine kuukuu haina gharama ya bando. Gharama yake iko kwenye vipuri, na kila mwaka vinazidi kuwa adimu.

Mafaili kuingia na kutoka

Hapa DOSBox iko mbele, na kwa mtu wa ofisi jambo hili lina uzito. Unaandika MOUNT C C:\KAZI, na folda yako ya kawaida ya Windows inageuka kuwa diski C ya DOS. Faili la DBF linabaki pale pale, unaweza kulinakili kwenye flashi au kulifungua kwa LibreOffice Calc jioni hiyohiyo. Jihadhari na mawili. Majina yabaki ndani ya herufi nane na tatu za kiambishi, la sivyo BARUA YA SHULE.TXT itageuka kitu kama BARUAY~1.TXT. Na ukiongeza faili kupitia Windows wakati DOSBox iko wazi, bonyeza Ctrl+F4 (kwenye DOSBox-X andika RESCAN) ili ilione.

Kwenye mashine pepe, diski yote ya DOS ni faili moja kubwa. VirtualBox haina viungo rasmi vya DOS vya kushirikisha folda, hivyo ule urahisi uliouzoea ukitumia Windows ndani ya VirtualBox usahau. Kuingiza, naweka mafaili kwenye picha ya CD (faili la ISO) na kuichomeka. Kutoa, naizima mashine pepe kisha nalifungua faili la diski kwa 7-Zip na kuchomoa ninachotaka. Anayefanya hivyo mara moja kwa mwezi hatasumbuka. Anayefanya kila saa atachoka. 86Box iko hivyohivyo, kwa picha za flopi na za CD.

Mashine kuukuu ina flopi, na DOS tupu haiijui flashi. Mimi huchomoa diski ya IDE na kuisoma kwa kebo ya USB kwenye laptopu. Njia nzuri zaidi ni kubadilisha diski kwa kadi ya CompactFlash yenye adapta ya IDE. DOS huiona kama diski ya kawaida, haina sehemu inayozunguka, na unaitoa kama unavyotoa kadi ya kamera.

Printa

Nimeona watu wakifanikiwa kila kitu halafu wakakwama hapa. Programu ya DOS haijui printa ya Windows. Inatupa herufi moja kwa moja kwenye tundu la LPT1, pamoja na alama za ESC za kusema "hapa nene, hapa nyembamba", ikiamini upande wa pili kuna printa ya utepe ya Epson yenye karatasi za matobo pembeni.

DOSBox rasmi haina LPT. Ukiwa na programu inayokubali kuchapa kwenye faili, sawa. Kama haikubali, umekwama. DOSBox-X ndiyo inayokutoa. Kwenye faili la mipangilio, sehemu ya parallel, unaandika parallel1=printer, na yenyewe inajifanya printa ya Epson, inazisoma zile alama za ESC, kisha inatoa ukurasa kama picha au kuupeleka kwenye printa ya Windows, hata ya leza. Mara ya kwanza nilipoona ankara ya mbao ikitoka kwenye leza na mistari yake yote imenyooka, safu ya "Futi" chini ya "Futi" na "Shilingi" chini ya "Shilingi", nilifurahi kama mwenye ankara.

Kwenye VirtualBox unaelekeza tundu la COM1 liandike kwenye faili, halafu ndani ya DOS unaandika MODE LPT1=COM1. Chochote kitakachochapwa kinaishia kwenye faili hilo likiwa na alama zake za ESC. Ukiwa na printa ya utepe ya kisasa yenye USB, kama Epson LX-350, ishirikishe kwenye Windows kisha peleka faili likiwa ghafi: COPY /B ANKARA.PRN \\localhost\EPSON. Inafanya kazi vizuri, ila ni hatua mbili kila ankara, na karani mwenye foleni ya wateja hatakushukuru.

86Box inayo printa yake ya kuigiza, inayotoa kurasa kama picha kwenye folda. Inatosha kwa kumbukumbu, haifai kaunta.

Mashine kuukuu haina swali hapa: waya wa LPT, printa ya utepe, kelele zinaanza. Kwenye Windows ya biti 32 yenye printa ya USB, NET USE LPT1 \\jina-la-kompyuta\EPSON huwa inatosha.

Umeme na usalama wa data

Umeme wetu tunaujua, hasa mvua za Machi na Aprili zikichanganya na radi. Programu za Clipper, dBase na FoxPro zinapoandika rekodi zinagusa faili la data na faili la faharasa kwa pamoja. Umeme ukikatika katikati, data inabaki na faharasa inapotoka, na kesho yake mteja aliyemo anaonekana hayumo. Kabla ya kulia, tafuta kwenye menyu ya programu kipengele cha kupanga upya faharasa. Mara nyingi ndicho kinachorudisha kila kitu.

Kwa hoja hii, njia yoyote kwenye laptopu yenye betri nzima inaishinda mashine kuukuu isiyo na UPS. Baada ya hapo DOSBox na mashine pepe zinaachana. Data ya DOSBox iko wazi kwenye folda, unaweza kuinakili kila jioni kwenye flashi mbili. Mashine pepe inakupa picha ya hali: unaigandisha mashine nzima ilivyo, ukiharibu unarudi. Ni kitu kizuri sana kwa mtu anayejaribujaribu. Lakini sikiliza lililonipata. Nilimfungia mteja programu ya mauzo ndani ya VirtualBox, nikachukua picha ya hali siku ya Jumatatu. Jumamosi programu ikagoma, nikarudisha picha ya Jumatatu bila kufikiri, na ikawaka vizuri. Data nayo ilirudi Jumatatu. Ankara za siku zote zilizofuata zilikuwa ndani ya diski ileile niliyoirudisha nyuma. Tulikaa na binti wa kaunta mpaka usiku tukiziingiza upya kutoka kwenye nakala za karatasi. Tangu siku hiyo kila mashine pepe ninayofunga ina diski mbili, C ya programu na D ya data, na ile D naiweka kwenye aina ambayo VirtualBox haiigusi inaporudisha hali.

Jambo la watu wawili kufungua data moja kupitia mtandao ni la kuangalia kwa makini. DOSBox rasmi haina kufunga rekodi kwa namna ya kuaminika, na makarani wawili wakihifadhi kwa pamoja, mmoja anamfuta mwenzake bila yeyote kujua. Kwenye DOSBox-X weka file access tries kuwa 3. Watengenezaji wenyewe wanaipendekeza sana kwa dBase, FoxPro na jamaa zao zinazotumika kwenye mtandao, na mimi sifungi ofisi ya watu wawili bila hiyo.

Uaminifu wa kuigiza

Programu nyingi zilizoandikwa kwa Turbo Pascal zina ugonjwa mmoja: zikikuta prosesa yenye kasi kubwa, zinafia mlangoni na ujumbe wa Runtime error 200. Chanzo ni hesabu ndogo inayopima kasi ya kompyuta mwanzoni. Kompyuta ikiwa ya haraka mno, hesabu ya kugawanya inashindikana. Mashine pepe inatumia prosesa yako ilivyo, kwa hiyo ndiko ugonjwa huu unakoonekana, na utalazimika kutafuta kiraka cha kulitibu faili la EXE. Kwenye DOSBox rasmi unapunguza mwendo kwa Ctrl+F11 na kuuongeza kwa Ctrl+F12. Kwenye 86Box unachagua 486 na tatizo halizaliwi.

86Box inastahili sifa yake hapa. Programu inayodai kadi fulani ya video au sauti, au Windows 3.1 unayotaka uione kama ilivyokuwa, itakuwa nyumbani humo kuliko kwingine.

Ila ule ufunguo wa kuzuia wizi unaochomekwa kwenye tundu la LPT unazishinda emuleta kwa kawaida. Hapo mashine kuukuu, yenye tundu lenyewe, inabaki kuwa jibu.

Kwa hali yako

Una data ya zamani unayotaka kuisoma na kuitoa tu, kama katalogi ya CDS/ISIS au majaribio ya MSTAT-C: anza na DOSBox. Ndani ya nusu saa utajua kama inafunguka. Programu ikiwa na njia ya kutoa data kama maandishi, itumie, upeleke data kwenye mfumo mpya.

Unafanya nayo kazi kila siku na unachapa: DOSBox-X kwenye laptopu, nakala ya folda kila jioni. Huyo ndiye mzee wangu wa Mafinga. Nilimwekea alama moja kwenye skrini yenye jina MBAO, akibofya anaingia moja kwa moja kwenye menyu yake ya bluu. Alikagua rekodi za wateja watatu anaowakumbuka kwa kichwa, akachapa ankara moja, akaishika juu kwenye mwanga wa dirisha kuona kama safu zimenyooka, ndipo akaniuliza ninamdai kiasi gani.

Programu yako inahitaji DOS kamili, yenye viendeshi vyake na mtandao wake, au wewe ni mwalimu unayetaka wanafunzi waharibu na kurudisha bila hofu: mashine pepe. Tenga diski ya data kama nilivyosema.

Unatafuta kompyuta ya wakati fulani ilivyokuwa, au programu imegoma kwingine kwa sababu ya kasi au vifaa: 86Box, ukiwa na mashine yenye nguvu na subira ya kusoma mipangilio.

Programu yako ina ufunguo wa LPT, au inaendesha kifaa cha maabara kupitia kadi iliyomo ndani ya kasha: itunze mashine kuukuu. Mfungulie fundi aangalie betri ya bodi leo, maana ile ya kuchomelewa ikivuja haitoi taarifa. Weka CompactFlash, nunua UPS, na kama ni Windows ya zamani isiyopata tena marekebisho ya usalama, iondoe kwenye intaneti.

Na kama ulichonacho ni flopi tu, usisubiri uamue njia. Kisomaji cha flopi cha USB kinasoma za inchi 3.5; zile pana za inchi 5.25 zinataka kompyuta yenye kisomaji chake cha zamani, kwa hiyo mwulize fundi kabla hajaitupa ya mwisho aliyonayo. Kabla ya kuichomeka flopi, sogeza kile kifuniko cha chuma uitazame kwenye mwanga. Kwa unyevu wa Tukuyu na Njombe nimezikuta zenye madoa meupe ya kuvu, na ukiichomeka hivyo inachafua kisomaji na kukwaruza inayofuata. Isiyo na madoa, inakili yote kwenye diski ngumu mara ya kwanza inaposomeka, hata kabla hujajua kilichomo.